Mla Jana

Fomu yangu ina swali moja tu gumu:
jana ulikula nini?
Naliuliza kwa Kihispania. Hermelinda, mtoto ziwani,
analigeuza kwa Kiaimara amsikizishe mama mkwe,
na kikongwe anacheka kwa meno yake matatu
kama niliyeuliza jana upepo ulivaa nini.

Tambi.
Na viazi vile vilivyokaushwa kwa jalidi.
Asubuhi?
Chai.
Nyama?
Anautazama mlima.

Uani, juu ya turubai la buluu,
kinoa imeanikwa, imepepetwa, haina hata changarawe.
Magunia sita. Lori la Juliaca huja Alhamisi,
liyabebe mpaka kwa watu wa mbali
wasomao pakiti kabla ya kula.
Bei ya gunia moja ni tambi za miezi miwili.
Nimeipiga hesabu hiyo nikiitafutia kosa.
Sikuliona.

Hermelinda anakamua. Matone ya kwanza yana umanjano,
kisha meupe, kisha kichupa kimejaa,
nami nakilaza kwenye barafu
kama kitu kinachoweza kuamka.

Majibu yalichelewa. Tulipopanda tena,
mtoto alikuwa ameota meno mawili.
Nikasoma: kalisi, ipo.
Zinki, ipo.
Madini joto tu ndiyo haba,
maana chumvi ya nyumba hii ni jiwe,
lama hulamba upande huu, chungu hupewa upande ule.

"Basi maziwa yangu ni mazuri," akasema, akajiweka sawa.

Ni mazuri, Hermelinda.
Maziwa hayana haya. Yakikosa sahanini
hushuka kwenye mfupa na sururu yao,
yakachimba.
Mumeo Froilán yuko mgodini, wiki ya tatu sasa,
anatafuta dhahabu ya mtu mwingine;
wewe umekaa hapa juu ya ngozi ya kondoo
nawe ni mgodi.
Huo wako hauna mlinzi wala taa.

Sikusema hivyo. Nilisema: kula mayai,
nunua chumvi ya pakiti,
damu ya kuku usiimwage, ikaange na kitunguu.
Niliyasema kwa sauti ile ninayoichukia,
sauti ya kofia na beji.

Kikongwe akainua vidole, akahesabu mpaka tisa.
"Kila mtoto aliondoka na jino," akasema.
Kitabu changu kinakataa: si jino, ni mfupa,
na mfupa, ukitunzwa, hujirudi mtoto akishaachishwa.
Lakini nilikitazama kinywa kile
na kitabu kikanyamaza.

Wahenga walisema mla ni mla leo,
mla jana kala nini?
Hawakuwahi kunyonya, wahenga?
Anyonyaye leo anakula jana ya mama yake,
na juzi yake, na ule mwaka
alipokuwa bado hajamjua Froilán
akichunga kutwa kwa kiganja cha mahindi makavu.

Ndipo nikamwona Nayda mlangoni,
wifi mtu, miaka kumi na tisa,
harusi yake Agosti,
kope za ndani nyeupe kama karatasi.
Fomu haina nafasi ya tumbo tupu.
Nikaipindua, nikamwandika nyuma:
Nayda. Jana ulikula nini?
Akacheka, akamtazama kikongwe.
Kikongwe hakucheka.

Alhamisi niliomba lifti ya lori lile lile.
Dereva alipima, akapima tena.
Magunia matano na nusu.
"Nusu nyingine iko wapi, bibi?"

Jikoni sufuria ilikuwa inachemka, kifuniko kikiruka ruka,
na Nayda alikuwa amejaza shavu.

"Panya," akasema kikongwe,
akafumba mdomo.